Nyuso Ukutani: Picha za Jamaa Katika Nyumba Zetu za Ugenini



Somo letu la Jumapili hii ni Yoshua sura ya 4, habari ya mawe kumi na mawili. Israeli wanavuka Yordani, maji yamesimama, makuhani bado wako katikati ya mto na sanduku la agano mabegani. Mungu anaagiza kila kabila litoe mtu mmoja, na kila mtu achukue jiwe kutoka pale pale makuhani waliposimama, alibebe begani mpaka mahali watakapolala usiku ule. Sababu imetajwa mara mbili katika sura hiyo moja: watoto watakuja kuuliza. Mungu alijua kwamba mtoto haulizi habari ya kitu asichokiona. Lakini mawe yakisimamishwa pale Gilgali, makubwa, yasiyo na kazi nyingine yoyote, mtoto atapita, atayashangaa, atauliza, na mzazi itambidi afungue kinywa.

Tunataka kuzungumza juu ya picha za jamaa zetu, zile za kuchapishwa na kutundikwa ukutani. Huenda mtu akaona ni jambo dogo mno kwa mahubiri. Jiwe la mtoni nalo lilikuwa jambo dogo.

Katika ibada za jumuiya tunazunguka nyumba nyingi hapa DMV, kuanzia vyumba vya kupanga vya Langley Park na Hyattsville mpaka nyumba za Laurel na Woodbridge. Tunakaribishwa vizuri, chai ya maziwa na maandazi havikosekani. Ukutani tunaona televisheni kubwa, saa, kalenda, pengine maneno ya baraka ya Kiingereza yaliyonunuliwa dukani pamoja na fremu yake. Nyuso za wenye nyumba ni chache, na nyuso za waliobaki nyumbani Afrika ni chache zaidi. Na wengi wetu tumekulia katika sebule ambazo ukuta ulikuwa umejaa watu. Babu na bibi wameketi wima, mikono magotini, hakuna anayetabasamu. Harusi ya baba mdogo. Shangazi na joho lake la chuo. Mtoto wa ubatizo. Na katika nyumba nyingi za Tanzania, juu ya wote, Mwalimu Nyerere, kana kwamba naye ni wa ukoo.

Picha zile zilitafutwa. Watu walioga, wakavaa nguo za sikukuu, wakaenda studio, wakakaa mbele ya pazia lililochorwa. Kule Zanzibar iko Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ambayo imepiga picha za watu wa Mji Mkongwe kizazi baada ya kizazi, na kila mji wetu ulikuwa na studio ya namna hiyo hata kama jina lake halikufika mbali. Ilikuwa gharama. Ndiyo maana ilipigwa picha moja, na ile moja ikaheshimiwa.

Tutaambiwa kwamba picha zipo, ziko kwenye simu. Ni kweli, tena ni maelfu. Lakini simu ni ya mtu mmoja na ina namba ya siri. Mtoto wa miaka sita hafungui simu ya baba yake ili amtazame bibi. Akipewa simu hiyo anatafuta katuni. Ukuta ni wa nyumba nzima, hauhitaji kuombwa. Mtoto anaupita asubuhi akitafuta viatu, anaupita jioni akienda kulala, na siku moja, bila wewe kupanga, atanyosha kidole na kuuliza yule mzee mwenye kofia ni nani. Siku hiyo umepata nafasi ambayo mahubiri ya dakika arobaini hayatakupa.

Tuseme wazi kinachotusumbua. Watoto wetu wengi wamezaliwa hapa. Wanawajua bibi na babu kama sauti ya WhatsApp ya Jumamosi, sauti inayokatika katika, inayowauliza kwa Kiswahili au Kikamba au Kihaya kama wamekula. Wanajibu neno moja, wanakimbia. Kisha habari ya msiba inafika usiku, mama anaanguka sakafuni akilia, na mtoto anasimama mlangoni hajui ni nani aliyefariki. Analia kwa sababu mama analia. Wazazi wengine wanasubiri karatasi zao na hawawezi kusafiri, kwa hiyo wanafuatilia mazishi kwenye skrini: jeneza, msalaba, na mbele yake kijana anayetangulia na picha ya marehemu ndani ya fremu. Mara nyingi picha hiyo ni ile ya kitambulisho, iliyokuzwa mpaka ikafifia, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Kwa watoto wanaotazama kutoka Silver Spring, huenda ndiyo mara ya kwanza kumwona babu yao usoni vizuri.

Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo barua ya pili, sura ya 1, anaikumbuka imani ya kijana huyo kwa kuitajia watu: ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike. Paulo angeweza kusema imani yako ni nzuri, akaendelea na barua. Alitaja majina mawili ya wanawake, na kwa hilo Timotheo alionyeshwa kwamba hakujianzisha mwenyewe. Watoto wetu wanaambiwa kila siku, shuleni na kwenye televisheni, kwamba mtu hujitengeneza mwenyewe. Nyumbani tunahitaji kitu kinachosema vingine.

Sasa tuwapeleke mahali ambapo wengi wetu tunapita karibu kila wiki. Ukivuka mto Anacostia hapa Washington, juu ya kilima, iko nyumba iitwayo Cedar Hill. Frederick Douglass aliinunua mwaka 1877 na akafia humo mwaka 1895. Leo inatunzwa na serikali, na ukiingia utaona kuta zenye picha za watu wengi. Douglass alipenda picha kuliko Wamarekani karibu wote wa wakati wake. Watafiti wamehesabu picha zake tofauti zipatazo 160, na inasemekana hakuna Mmarekani wa karne ile ya 19 aliyepigwa picha nyingi zaidi, hata Rais Lincoln. Mwaka 1861 alitoa hotuba nzima juu ya picha. Alifurahi kwamba kitu ambacho zamani kilikuwa cha matajiri, sasa hata msichana wa kazi angeweza kuwa nacho.

Lakini picha aliyoihitaji kuliko zote hakuwa nayo. Douglass alizaliwa utumwani mwaka 1818, katika wilaya ya Talbot, hapa hapa Maryland, ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake. Mama yake, Harriet Bailey, alitenganishwa naye akiwa mchanga, akapelekwa kufanya kazi kwenye shamba lililokuwa umbali wa maili kama 12. Ili amwone mtoto wake ilibidi atembee usiku kwa miguu baada ya kazi ya kutwa, na arudi kabla jua halijachomoza, maana asiyeonekana shambani asubuhi alichapwa. Alikuja mara chache tu. Alilala kando ya mtoto mpaka usingizi ukamchukua, na mtoto alipoamka mama alikuwa ameshaondoka. Akafariki mtoto akiwa na miaka kama saba. Picha haikubaki, wala kaburi analolijua.

Katika kitabu chake cha mwaka 1855, My Bondage and My Freedom, Douglass anaeleza kwamba katika kitabu cha mtaalamu mmoja Mwingereza, Prichard, ukurasa wa 157, aliona mchoro wa kichwa cha sanamu ya Misri ya kale. Uso ule ulifanana na mama yake, na alikuwa akiurudia mara kwa mara ili autazame, akidhani kwamba ndivyo watu wengine wanavyojisikia wanapotazama picha za wapendwa wao waliofariki. Tafakarini hilo, washarika. Mtu aliyezungumza na marais, ambaye uso wake mwenyewe ulijulikana nchi nzima, anafungua kitabu cha kitaalamu ili apate angalau mfano wa mama yake. Na sisi tunao mama zetu kwenye simu, picha nzuri kabisa, hazijachapishwa hata moja.

Familia za watu weusi wa mji huu zililielewa jambo hilo. Mwaka 1911 Addison Scurlock alifungua studio U Street, na familia yake ikaiendesha mpaka mwaka 1994. Maharusi, wahitimu wa Howard, wazee wa makanisa, watoto wenye soksi nyeupe, wote walipita pale. Nje, katika magazeti na matangazo ya siku zile, mara nyingi watu hao walichorwa kwa dharau. Sebuleni kwao walitundika ukweli. Hazina ya studio hiyo leo iko katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, pale National Mall. Kuingia ni bure.

Wako kati yetu ambao hawakuja na picha hata moja. Tunawajua. Mtu aliyekimbia Uvira au Masisi usiku, mtoto mgongoni, hakurudi ndani kuchukua albamu. Aliyeishi Nyarugusu au Kakuma miaka kumi na tano alipiga picha moja tu rasmi, ile ya karatasi za ukimbizi. Tunapohubiri habari ya picha, hatutaki ndugu hawa wajisikie kwamba hata katika hili wamepungukiwa. Someni Kutoka 28. Haruni alipoingia patakatifu hakubeba sura ya mtu. Alibeba majina ya makabila yaliyochorwa juu ya vito, sita bega hili na sita bega lile, na tena kumi na mawili kifuani, juu ya moyo. Majina peke yake yalitosha kuingia nayo mbele za Mungu. Andika majina ya watu wako kwa mwandiko mzuri, yatie kwenye fremu, yatundike. Mtoto atauliza vile vile.

Na katika Isaya 49 Sayuni inalia kwamba imesahauliwa. Bwana anajibu kwamba ameichora katika viganja vya mikono yake, na kuta zake ziko mbele ya macho yake siku zote. Kumbukeni maneno hayo yanawahusu watu waliokuwa uhamishoni, na kuta hizo wakati huo zilikuwa zimebomolewa. Mungu alikuwa akizitazama hivyo hivyo. Ndugu yetu ambaye nyumba yake ilichomwa moto, ambaye hana hata picha ya mlango wake, anaye anayeitazama.

Kigali, pale Gisozi, iko kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994 iliyofunguliwa mwaka 2004. Watu zaidi ya 250,000 wamezikwa hapo. Ndani kuna chumba ambacho familia zilizosalia zilileta picha za watu wao. Hazikuwa picha za vifo. Ni za harusi, za mahafali, za mtoto na keki, za kijana na pikipiki. Namba 250,000 akili haiwezi kuishika, lakini ukimwona bwana harusi mmoja anayecheka, huwezi tena kusema ni namba. Baadhi ya waliozileta walitoa picha pekee waliyokuwa nayo. Wanaotoka huko, ambao tunaabudu nao hapa, hawahitaji tuwaeleze thamani ya picha.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo ni gumu, nalo ni nani yumo ukutani na nani hayumo. Mathayo anapofungua Injili yake anapanga ukoo wa Bwana wetu, na huo ndio ukuta wa picha za jamaa wa Yesu. Angeweza kuchagua. Kulikuwa na wanawake wenye sifa njema wa kutundika, Sara yupo, Rebeka yupo. Mathayo akamtundika Tamari, ambaye habari yake hatuisomi mbele ya watoto. Akamtundika Rahabu wa Yeriko. Akamtundika Ruthu Mmoabi, mgeni. Na mama yake Sulemani akamtaja kwa jina la mume aliyeuawa, Uria, ili asiwepo wa kusahau Daudi alifanya nini.

Katika kuta zetu kuna nafasi zilizoachwa wazi. Kaka aliyefariki miaka ya tisini kwa ugonjwa ambao hakuna aliyetaka kuutaja. Mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, akabaki kwa bibi, ambaye wadogo zake wa hapa Marekani hawajaambiwa kuwa ni ndugu yao. Dada mwenye ulemavu ambaye siku ya picha aliachwa jikoni. Tunaziomba familia zetu ziwarudishe hao ukutani. Mtoto aliyebaki kwa bibi akisubiri viza anahitaji uso wake uwe kati ya nyuso za nduguze hapa, ili siku akishuka Dulles asije kama mgeni.

Na kuna picha zilizokatwa kwa mkasi. Ndoa imevunjika, mama au baba akakata uso wa mwenzake, ikabaki harusi ya mtu mmoja na mkono usio na mwenyewe. Tunaelewa uchungu huo, wala hatusemi mama aliyepigwa atundike sebuleni uso wa aliyempiga. Hapana. Lakini usimkate. Tia picha hiyo kwenye bahasha, andika jina la mtoto, uihifadhi. Mtoto anapoona tundu mahali palipokuwa uso wa baba yake, anajua kwamba nusu ya uso wake mwenyewe haipendwi humu ndani. Atakapofika miaka ishirini na kuuliza, mpe bahasha, aamue yeye.

Kinyume chake pia kipo. Wako watoto kule Arusha, Kisumu, Bukavu, ambao kwao mama ni picha. Wameambiwa huyu ndiye mama, yuko Marekani, anakutafutia maisha. Ndugu, mtumie picha ya kuchapisha, akae nayo kitandani, maana simu ya bibi huisha chaji na hupotea. Na mtumie ya kweli. Hapa tunasema kwa upendo: acheni kuegemea magari ya watu pale maegesho. Picha yako ukiwa na nguo za kazi za kuwahudumia wazee, umechoka baada ya zamu ya usiku, ina heshima kuliko ile ya gari. Tena itapunguza maombi ya fedha, ingawa hilo si lengo letu.

Ndugu wengine wameuliza, kwa nia njema, kama picha ya mtu ukutani si sanamu inayokatazwa katika Kutoka 20. Jibu tunalipata kwenye nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa agizo la Mungu mwenyewe, Hesabu 21, akatunzwa kwa mamia ya miaka. Katika 2 Wafalme 18 Hezekia akamvunja vipande vipande, kwa sababu watu walikuwa wamefika hatua ya kumfukizia uvumba. Kosa lilianza kwenye uvumba. Anayeitazama picha ya bibi na kumshukuru Mungu kwa ajili yake hajaabudu sanamu. Anayezungumza na picha hiyo akiomba kazi au mchumba, aje aonane na mchungaji.

Kuhusu wenye nyumba wanaokataza misumari, viko vibandiko vya kutundikia ambavyo hutoka bila kuharibu rangi, vinauzwa Target na Walmart. Kuchapisha picha ndogo pale CVS hakufiki dola moja. Msitundike mahali jua linapopiga moja kwa moja, zitafifia kabla ya miaka mingi. Picha ya asili ya zamani, kama mnayo, ichapisheni nakala, ya asili iwekeni mahali pakavu. Na itundikeni chini, usawa wa macho ya mtoto. Fremu nyingi tunaziona zimepanda karibu na dari.

Jumapili ijayo, mara baada ya ibada, tunaomba kila nyumba ije na picha moja ya zamani. Ukumbini kutakuwa na meza mbili. Kwenye ya kwanza tutaandika nyuma ya kila picha jina kamili la kila mtu, kijiji au mtaa, na mwaka kama unajulikana. Tutatumia penseli laini, maana wino hupenya mpaka upande wa uso. Vijana watazinakili papo hapo na mtarudi nazo nyumbani siku hiyo hiyo. Meza ya pili ni ya wasio na picha. Watakaa hapo mama zetu wazee wenye mwandiko mzuri, mtawatajia majina mnayoyakumbuka, hata kama ni matatu tu, hata kama la babu mnalijua kwa jina la utani, nao watayaandika kwenye karatasi ngumu tayari kwa fremu. Chai itakuwapo. Watoto wa Shule ya Jumapili watakuja wakimaliza kipindi chao, nao wameruhusiwa kuuliza lolote.